Home, Pro au Education? Mwongozo kamili wa kuamua kama kompyuta yako ya masomo inahitaji Windows ya daraja jingine

Wanafunzi wengi wanaouliza kama wahame kutoka Windows Home kwenda Pro huwa wana shida nyingine kabisa. Kompyuta imekuwa nzito. Kivinjari kinaganda kurasa zikizidi sita. Masasisho yanaanza kujisakinisha usiku ambao kazi inatakiwa kuwasilishwa asubuhi. Katika hali hiyo mtu anaona neno Pro na kudhani ni injini kubwa zaidi. Siyo. Home na Pro zina injini ileile, na tofauti yao ni idadi ya milango iliyofunguliwa. Ukilipa, unalipia milango.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela kuna mambo matatu ya kujua: kama kuna mlango hata mmoja unaouhitaji kweli, kama unaweza kuupata bila kulipa, na namna ya kuhama bila kupoteza kazi zako ukishaamua.

Nitazungumzia Windows peke yake kwa sababu ndiyo yenye kitendawili hiki. macOS haina madaraja, na Apple imekuwa ikitoa matoleo mapya bila malipo tangu 2013. Linux kama Ubuntu humpa mwanafunzi kila kitu bure. Windows ndiyo iliyozoea kugawa: XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na Home Edition na Professional, na kufikia Windows 7 mtu alikuwa na Starter, Home Basic, Home Premium, Professional na Ultimate. Leo orodha ni fupi, ila mkanganyiko ni uleule.

Neno moja kuhusu majina ya menyu. Nitayaandika kwa Kiingereza, jinsi yanavyoonekana kwenye skrini za wengi. Kama umeweka Windows yako kwa lugha nyingine, fuata mpangilio. Majina yatatofautiana lakini vitu vipo mahali palepale.

Kwanza tenganisha toleo na daraja

Toleo ni namba: Windows 10, Windows 11, na ndani yake masasisho makubwa yenye alama kama 23H2 au 24H2. Daraja ni cheo: Home, Pro, Education, Enterprise. Ni vitu viwili, na kuhama kimoja hakukuhamishi kingine. Mwenye Windows 10 Home akipanda kwenda Windows 11 bila malipo, anafika akiwa bado Home.

Hili lina uzito kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji binafsi Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na wenyewe unahitaji kujiandikisha. Kama kompyuta yako bado iko kwenye 10, swali la daraja liweke kando. Angalia kwanza kama inaweza kupokea 11: inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha inayokubalika, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8 na kwa AMD huanzia takriban Ryzen 2000. Programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check itakupa jibu la ndiyo au hapana. Kununua Pro kwa mashine inayobaki kwenye 10 ni sawa na kupaka rangi nyumba iliyowekewa alama ya kubomolewa.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kidogo kitakuonyesha toleo na daraja. Baada ya hapo nenda Settings, kisha System, kisha Activation. Hapo soma vitu viwili: daraja, na kama leseni inafanya kazi. Kama imeandikwa kwamba Windows haijaamilishwa, tatizo lako la kwanza ni hilo, wala si Pro.

Ukitaka jibu la uhakika zaidi, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

DISM /Online /Get-TargetEditions

Utapewa orodha ya madaraja ambayo mashine yako inaweza kuhamia moja kwa moja. Ukitumia amri ya /Get-CurrentEdition ukaona neno Core, usishtuke. Hilo ndilo jina la ndani la Home, na Professional ni Pro.

Sasa tazama kama kuna maneno "S mode" popote kwenye ukurasa huo wa Activation. Kompyuta nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa wanafunzi huja zikiwa kwenye hali hii, na nimeona watu wakiwa tayari kulipia Pro kwa sababu tu programu ya chuo imekataa kusakinishwa. S mode huruhusu programu kutoka duka la Microsoft pekee. Programu ya takwimu uliyopewa kwenye flashi, kifaa cha kufungia mtihani ulichoambiwa upakue kwenye tovuti ya chuo, kivinjari tofauti: vyote vitagoma. Dawa yake ni bure. Kwenye ukurasa wa Activation kuna sehemu ya kuhamia Windows 11 Home ya kawaida. Inakupeleka dukani, unabofya Get, na imekwisha. Usichanganye na kitufe kingine kilicho karibu nacho kinachosema Upgrade your edition of Windows, kwani hicho ndicho cha kulipia. Jambo moja tu: ukishatoka S mode hakuna kitufe cha kurudi.

Kwa wasomaji wengi waliofika hapa kwa sababu ya programu iliyokataa, mwongozo umeishia kwenye aya iliyopita.

Hatua ya 2: Andika kazi, usiandike sifa

Chukua karatasi. Andika kazi ambazo umeshindwa kuzifanya mwezi huu kwa sababu ya kompyuta. Kazi, nasema, si sifa. "Nataka BitLocker" si kazi. "Ninabeba data za mahojiano ya utafiti na msimamizi wangu anadai diski iwe imesimbwa, isisomeke bila ufunguo" ni kazi. "Nataka Hyper-V" si kazi. "Zoezi la wiki ya tano linanitaka niwashe seva mbili zinazozungumza" ni kazi.

Ukimaliza, futa kila kilichohusu kasi. Pro haiongezi kasi. Kama mashine ni nzito, fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati inapokuelemea, na uangalie safu za juu. Memory ikiwa inakaa juu ya asilimia 85, unahitaji kuongeza RAM au kupunguza kurasa zilizofunguliwa kwenye kivinjari. Disk ikiwa inagonga asilimia 100 huku hufanyi lolote la maana, yaelekea una diski ya zamani inayozunguka, na kuibadilisha kwa SSD kutakubadilishia maisha kuliko daraja lolote. Weka bei ya Pro pembeni ya bei ya SSD au kipande cha RAM cha GB 8, na kwa kawaida uamuzi utajitokeza wenyewe. Angalia tu kwanza kama RAM yako inabadilishika. Kwenye kompyuta nyembamba nyingi imechomelewa kwenye ubao mama.

Futa pia yaliyohusu Word, Excel na wenzao. Hizo ni leseni tofauti kabisa, na Pro haiji nazo.

Kikomo cha RAM pia kisikutishe. Home inaishia GB 128, nawe una GB 8.

Hatua ya 3: Pima kila mlango kabla ya kuununua

Yaliyobaki kwenye karatasi yako pengine yataangukia kwenye moja ya makundi yafuatayo.

*Kusimba diski.* Hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote, na ndiyo pia ambayo watu huilipia bila lazima. Kompyuta ya mwanafunzi hubebwa kila mahali, na inachukua dakika moja kusahaulika kwenye kiti cha basi. Nywila ya kuingilia haikulindi na mtu mwenye bisibisi: atatoa diski, ataichomeka kwenye mashine nyingine, atasoma faili zako zote. Kinachomzuia ni usimbaji fiche.

Pro ina BitLocker kamili. Lakini Home nayo, kwenye mashine nyingi za miaka ya karibuni, ina kitu kiitwacho Device encryption, kinachotumia teknolojia ileile ya BitLocker chini kwa chini. Nenda Settings, Privacy & security, Device encryption. Ukiiona na ikiwa imewashwa, diski yako imekwisha kusimbwa bila wewe kulipa chochote. Kuanzia toleo la 24H2 masharti yake ya maunzi yalilegezwa, kwa hiyo hata mashine zilizokuwa hazionyeshi sehemu hii zinaweza kuionyesha baada ya kusasishwa.

Unachokosa kwenye Home ni udhibiti wa kina: kuweka PIN inayoulizwa kabla Windows haijawaka, kusimba flashi na diski za nje kwa BitLocker, kuchagua namna ya usimbaji. Kama masharti ya utafiti wako yanataja vitu hivyo kwa jina, Pro ina hoja. Kama yanasema tu "data isimbwe", Device encryption yatosha, na kwa flashi kuna VeraCrypt, ambayo ni bure na hufanya kazi kwenye Home.

*Mashine pepe*, yaani kompyuta ya kuigwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Wanafunzi wa kompyuta na mitandao ndio wanaoteswa zaidi na swali hili. Hyper-V, zana ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, na Windows Sandbox, Windows ya muda ya kujaribia programu, hazipo kwenye Home. Hiyo ni kweli. Ila uliza zoezi linataka nini hasa. Kama linataka Linux, Home ina WSL 2, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, tangu mwaka 2020: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika wsl --install, washa upya, na utakuwa na Ubuntu. Docker Desktop, zana ya kuendesha programu ndani ya makontena, nayo huendeshwa juu ya WSL 2 kwenye Home bila shida. Kama linataka mashine pepe kamili, VirtualBox ni ya bure na haijali daraja, na VMware Workstation Pro ilifanywa ya bure kwa matumizi binafsi mwaka 2024.

Hyper-V inakuwa ya lazima pale tu somo lenyewe linapohusu Hyper-V, au mwalimu anapogawa mashine zilizokwisha kuandaliwa kwa muundo huo na hataki kusikia habari nyingine. Hata hapo angalia uwezo wa mashine. Task Manager, sehemu ya Performance, CPU: pale chini pameandikwa Virtualization. Ikisema Disabled, utaiwasha kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows. Na kama una RAM ya GB 8, ukweli ni kwamba mashine pepe moja ya Windows itakula nusu yake na zote mbili zitatambaa. Mwenye GB 8 anayetaka maabara ya mashine tatu anahitaji RAM, akipata RAM ndipo aulize daraja.

Kuna na upande wa pili ambao hauandikwi kwenye tangazo. Ukiwasha Hyper-V, VirtualBox hulazimika kufanya kazi juu yake na huwa inapungua kasi. Utajua kwa kialama cha kobe wa kijani chini ya dirisha lake. Pia kuna programu za mitihani ya mtandaoni zinazogoma zikihisi mashine pepe. Jaribu mtihani wa mazoezi mapema, usisubiri siku yenyewe.

*Kuifikia kompyuta yako ukiwa mbali.* Home inaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa Remote Desktop, lakini yenyewe haiwezi kuingiwa. Mwanafunzi anayetaka kutumia kompyuta za maabara ya chuo akiwa chumbani yuko upande wa kuingia, kwa hiyo Home inamtosha. Anayetaka kuifikia mashine yake aliyoiacha nyumbani anaweza kutumia Chrome Remote Desktop bila malipo. Ukinunua Pro kwa ajili hii, usifungue mlango wa mtandao (port) namba 3389 wa ruta yako kwa intaneti nzima. Wahalifu hupita wakiugongagonga mchana na usiku.

*Kujiunga na mtandao wa chuo.* Kuunganisha kompyuta kwenye domeini ya taasisi, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa kutoka sehemu moja, kunahitaji Pro au zaidi. Vyuo huunganisha mashine zao. Ni nadra kwa mashine ya mwanafunzi kutakiwa kufanya hivyo. Wi-Fi ya chuo, barua pepe, hifadhi ya wingu na vyumba vya mikutano vyote hufanya kazi kwenye Home. Tena nitasema hata kama una Pro, fikiri mara mbili kabla ya kuiunganisha kompyuta yako binafsi. Ukiikabidhi kwa taasisi, msimamizi wa taasisi anapata mamlaka ya kuiwekea masharti, na ufunguo wa kurejesha diski yako unaweza kuhifadhiwa kwenye akaunti ya chuo, akaunti ambayo ipo siku itafungwa, ukishahitimu.

*Kudhibiti masasisho na sera.* Pro ina gpedit.msc, sehemu ya kuandika sera za mfumo, na inakuruhusu kuahirisha masasisho kwa muda mrefu zaidi. Kwa kilio cha "inasasisha usiku wa kuwasilisha", Home inatosha: Settings, Windows Update, Pause updates, unaweza kusimamisha hadi wiki tano, na kwenye Advanced options weka Active hours, hadi saa 18 kwa siku, ambamo mashine haitajiwasha upya yenyewe. Weka kikomo hicho mwanzoni mwa kipindi cha mitihani, kisha ukiondoe mitihani ikiisha. Anayesoma usimamizi wa mifumo na anatakiwa kujifunza sera zenyewe, au kutumia zana za RSAT za kusimamia seva, huyo anahitaji Pro au Education.

Kama baada ya yote haya karatasi yako imebaki tupu, baki Home.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kununua

Hili watu wengi hawalijui. Microsoft hutoa nakala ya majaribio ya Windows 11 Enterprise ya siku 90, na ya Windows Server ya siku 180. Enterprise ina kila kilichomo ndani ya Pro. Isakinishe ndani ya VirtualBox, juu ya Home yako hiyohiyo, ufanye somo la sera, la domeini, la kuunganisha seva na mteja. Muhula mzima unaweza kupita bila kugusa mfumo wako halisi, na ukiharibu kitu unafuta mashine pepe unaanza upya. Kwa mwanafunzi wa mitandao hii ni bora kuliko Pro, maana makosa ya maabara hayakai kwenye kompyuta anayoandikia tasnifu.

Hatua ya 5: Uliza chuo

Kabla ya kulipa, mwandikie ofisa wa TEHAMA wa chuo chako. Kuna vyuo vilivyo kwenye mpango wa Microsoft uitwao Azure Dev Tools for Teaching, ambao huwapa wanafunzi wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati programu mbalimbali kwa ajili ya masomo. Kuna vingine vyenye mikataba yao. Kinachotolewa huwa daraja la Education, na jina lake linapotosha: watu hudhani ni Windows iliyopunguzwa kwa watoto wa shule. Kinyume chake, Education imejengwa juu ya Enterprise, na ina BitLocker, Hyper-V, Sandbox, Remote Desktop na sera. Inazidi Pro. Home inaweza kuhamia Education kwa kuingiza ufunguo tu, bila kusakinisha upya.

Katika barua hiyo uliza mambo matatu bila kuzunguka. Je, ufunguo ni wa kompyuta binafsi ya mwanafunzi au ni wa mashine za chuo tu? Je, leseni inabaki yangu nikihitimu? Je, inaamilishwa mara moja au inategemea seva ya chuo? Swali la tatu ndilo la kimya kuliko yote. Leseni za aina ya KMS hudumu siku 180 tu tangu mara ya mwisho kompyuta ilipozungumza na seva ya taasisi. Ukienda likizo ndefu, au ukiondoka chuoni kabisa, utaanza kuona onyo la kuamilisha bila kuelewa limetoka wapi. Unaweza kujipima mwenyewe: amri ya slmgr /xpr hukuambia kama leseni yako ni ya kudumu au ina tarehe ya mwisho.

Hatua ya 6: Ukinunua, nunua kitu kinachoeleweka

Njia salama ni duka la Microsoft lililo ndani ya Windows yenyewe. Kitufe kiko kwenye ukurasa wa Activation, leseni inafungwa kwenye kompyuta yako, na ukiiunganisha na akaunti yako ya Microsoft inakuwa rahisi kuirejesha ukibadilisha ubao mama.

Halafu kuna funguo za bei ya kutupa zinazouzwa mitandaoni. Nyingi ni za kampuni zilizonunua leseni za jumla kwa ajili ya mashine zao, au za kompyuta zilizokwisha kutupwa. Ufunguo wa jumla una idadi maalumu ya kuamilisha. Ukishauzwa kwa watu wengi, wewe unakuwa wa mwisho na unapata kosa 0xC004C020. Wakati mwingine unafanya kazi mwezi mmoja kisha unazuiwa. Rahisi ghali. Na vile viprogramu vya "kuamilisha bure" vinavyokuomba uzime kinga ya virusi kwanza: vinakuomba ufungue mlango kwa mkono wako mwenyewe, kwenye mashine yenye nywila zako za benki.

Hatua ya 7: Kuhama kwenyewe

Kuhama kutoka Home kwenda Pro au Education hakufuti faili wala programu. Sehemu kubwa ya yanayohitajika tayari imo ndani ya mfumo, ndiyo maana kazi yenyewe mara nyingi ni ya dakika chache na kuwasha upya. Pamoja na hayo akiba haiozi: nakili folda ya masomo kwenye diski ya nje au kwenye wingu, na fungua faili moja kutoka kwenye nakala hiyo uone kama inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua si nakala.

Kisha, kama Device encryption imewashwa, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, kwenye anwani account.microsoft.com/devices/recoverykey, na uhakikishe ufunguo wa tarakimu 48 upo. Uandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi kwenye kompyuta ileile. Nimewahi kuona ufunguo wa kurejesha umehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa ndani ya diski iliyofungwa na ufunguo huo.

Maliza masasisho yote yanayosubiri, washa upya, chomeka chaja. Usifanye kazi hii siku mbili kabla ya mtihani. Halafu nenda Settings, System, Activation, Upgrade your edition of Windows. Kama unanunua, chagua Open Store. Kama una ufunguo wa chuo, chagua Change product key, andika herufi 25, thibitisha, na uiache ifanye kazi yake. Itajiwasha upya, labda zaidi ya mara moja.

Ikirudi, rudia winver na slmgr /xpr. Usiridhike na jina Pro peke yake. Inawezekana kabisa daraja libadilike huku leseni haijaamilishwa, hasa kwa funguo za jumla zinazosambazwa mtandaoni kwa ajili ya kubadili daraja tu.

Kosa 0xC004F050 lina maana kwamba ufunguo hautambuliki au si wa daraja hilo; mara nyingi ni herufi iliyokosewa, B iliyosomwa kama 8. Ukiona 0x803fa067, zima Wi-Fi, ingiza ufunguo tena, washa upya, kisha rudisha intaneti ili leseni iamilishwe.

Baada ya kuhama

Milango mipya haifunguki yenyewe. Hyper-V na Sandbox ziko kwenye orodha ya Turn Windows features on or off, utaitafuta kwa jina hilo kwenye menyu ya Start. Remote Desktop iko chini ya System. Washa ile uliyoandika kwenye karatasi yako tu, nyingine ziache zimefungwa. BitLocker ukiiwasha kwa mkono, itakuuliza uhifadhi wapi ufunguo wa kurejesha: chagua akaunti yako binafsi ya Microsoft na uchapishe nakala moja.

Hakuna kitufe cha kushuka kutoka Pro kurudi Home. Anayetaka kushuka husakinisha Windows upya, na hapo ndipo tabia moja ya kompyuta mpakato hujitokeza. Ufunguo wa Home uliokuja na mashine kutoka kiwandani umeandikwa ndani ya UEFI. Ukifuta diski na kusakinisha upya, msakinishaji huusoma ufunguo huo na kukuwekea Home bila kukuuliza. Anayetaka Home hufurahi. Aliyenunua Pro hudhani ameibiwa. Hujaibiwa: leseni yako ya kidijitali bado imeandikwa kwa ajili ya mashine hiyo upande wa Microsoft. Ingia kwa akaunti uliyoiunganisha nayo, rudi kwenye Activation, badilisha daraja kwenda Pro tena kwa kitufe kilekile, na uamilishaji utajikamilisha bila kulipa mara ya pili.